Kona Iliyochanwa

Jumamosi usiku, Chicago. Watoto wamelala. Mimi na mama mkwe bado tuko mezani na kompyuta, chai imeshapoa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukimwamkia mzee asiyekujua, akishaitikia tu anakuuliza: wewe mtoto wa nani? Nasaba yangu nilizaliwa nikaikuta inasimuliwa. Mama mkwe, Mmarekani mweusi mzaliwa wa hapa South Side, aliachiwa na baba yake maneno mawili tu: "Tumetoka Mississippi." Mzee hakupenda kuulizwa zaidi. Basi tangu Januari tunamfuata kwenye sensa, tukirudi nyuma miaka kumi kumi.

Ya 1950 haikutusumbua. Marekani hufunga majina ya sensa kwa miaka 72, kwa hiyo hii ilifunguliwa Aprili 2022. Mama alijikuta humo, mtoto wa miaka 6, akacheka mpaka akafuta machozi. Ya 1940 iliuliza kila mtu aliishi wapi mwaka 1935, na karani kaandika: Mississippi, kaunti ya Coahoma. Kumbe walipanda treni kuja huku ndani ya miaka hiyo mitano, katika lile wimbi la watu weusi wapatao milioni 6 walioihama Kusini kati ya 1910 na 1970.

Lakini kilichotunyamazisha ni kadi ya baba yake ya kujiandikisha jeshini, Juni 1917. Kona ya chini kushoto haipo. Nilidhani karatasi imeliwa na uzee. Nikafungua kadi ya jirani yake mzungu, kona ipo nzima, na juu yake pamechapwa agizo kwa karani: akiwa mtu wa asili ya Afrika, chana kona hii. Ya mzee ilichanwa kwa mkono, ukingo umekwenda upogo. Mama aliweka kidole kwenye kioo, palepale penye pengo, akakaa hivyo. Sikumharakisha.

Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 huko Washington, kwa hiyo kutoka 1900 unaruka hadi 1880. Ile ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Bibi mzaa baba wa mama mkwe: tisa, hai watano. Nilisoma mara mbili, nikainuka kwenda kuwatazama wanangu kitandani.

Usiku huu tumefika 1880. Yupo babu wa yule mzee, mkulima, miaka 50. Kumi nyuma yake, 1870, aliandikwa 35. Huenda mwenyewe hakuwahi kuambiwa siku yake ya kuzaliwa. Alipozaliwa: Virginia. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Coahoma. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watumwa kama milioni moja walitolewa majimbo ya namna hiyo wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba, wengi kwa kuuzwa, wengine wakitembezwa kwa miguu na minyororo. Miezi yote hii tumekuwa tukisema familia ilihama mara moja. Huyu wa Virginia hakuhama, alihamishwa.

Nyuma ya 1870 jina lake halimo. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika jina la mwenye mali, na chini yake umri, jinsia na rangi. Mwaka 1860, chini ya tajiri mwenye jina la ukoo kama lao, yupo mwanamume, miaka 25, mweusi. Nilishika kalamu.

"Usimwandike bado, mwanangu," akasema Mama. "Kama si yeye, tutakuwa tumempa mtu mwingine maisha yake."

Nimeiacha nafasi wazi. Pembeni nimeandika kwa penseli: Virginia.