Utenzi Ulioandikwa Juu ya Nyuso
Jana jioni nilizitazama tena picha za Shirin Neshat, msanii wa Iran aishiye New York, hasa mfululizo wake wa mwaka 2012 uliochota kutoka Shahnameh, utenzi wa mshairi wa Uajemi, Ferdowsi, uliokamilika mwaka 1010. Watu wa picha hizo amewagawa makundi matatu. Wale aliowaita Wazalendo wameweka mkono kifuani, na juu ya nyuso zao ameandika kwa wino maandishi ya Kifarsi madogo mno, ambayo ukiwa mbali utayadhania kuwa kivuli (Kifarsi sikijui, ila herufi zake nyingi ni za Kiarabu, nazitambua tangu chuoni). Waovu wamechorwa miilini vita vya kale, damu ikiwa nyekundu katika picha isiyo na rangi. Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na kundi la tatu, Umma, nyuso za kawaida zilizopangwa ukutani safu kwa safu.