Doti 16 za Kushoto

Kanda ya video ilikuja dukani imefungwa ndani ya khanga, na khanga ndani ya kaveera mbili, ile mifuko ya plastiki. Mama Mkubwa aliifungua taratibu juu ya kaunta, akaigeuza ili nione kwenye kile kidirisha cha plastiki: ukungu mweupe ulishaanza kutambaa kwenye kingo za mkanda.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unaingiza arusi kwenye CD. Hii nataka iende Nairobi kabla ya Idd."

Hakuwa mama mkubwa wangu wa damu. Kwenye kota za Walukuba, pale Jinja, Uganda, mwanamke yeyote aliyemzidi mama yako umri na aliyewahi kukuchapa bila kuomba ruhusa alikuwa mama mkubwa. Wazee wetu walikuwa wametoka Mombasa, Kisumu, Arua na kwingineko, wamefuata viwanda, na sisi tukazaliwa ndani ya Kiswahili bila kujua hasa ni cha nani. Mume wake alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nyanza miaka mingi, akafariki mwaka 1996. Arusi iliyokuwa kwenye kanda ni ya binti yao, ya mwaka 1993. Binti sasa alikuwa Nairobi na kwake hakuna deki ya kuchezea kanda, kuna mashine ya VCD tu, ile ya kuchezea video za CD.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2001, ile iliyoanza katikati ya Novemba. Mimi nilikuwa na miaka 23, nimeajiriwa kwenye duka la Iganga Road: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti. Hiyo kazi ya kanda niliianzisha mwenyewe baada ya tajiri wangu kurudi kutoka Kampala na kadi ya TV ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye chipu ya Bt878. Yeye aliinunua ili aangalie mpira kazini. Mimi nikaona nyuma yake kuna tundu la kuchomeka deki.

Tulikubaliana shilingi 18,000. Nilikuwa nimesema 25,000, lakini nani anashindana bei na mtu aliyekuogesha?

Ukungu niliutoa kwa pamba na spiriti, nikizungusha mkanda kwa kidole mita baada ya mita, mlango umefunguliwa kwa sababu ya harufu. Jioni mbili nzima zilikwenda hapo.

Kunasa picha, yaani kuitoa kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta, wakati ule kulikuwa na masharti kama ya mganga. Usiguse mausi. Zima skrinseva. Usichapishe barua ya mtu. Usiku wa kuamkia kazi, pangilia diski upya ili faili likae mahali pamoja, maana diski ikianza kuruka huku na huku kutafuta nafasi, fremu, zile picha moja moja zinazounda video, zinadondoka, na fremu ikidondoka hairudi. Kompyuta yetu ilikuwa Pentium III ya megahezi 500, na diski ya gigabaiti 20 iliyobakiza nafasi ya 13. Picha ya doti 352 kwa 288 (doti ni zile nukta zinazounda picha), fremu 25 kila sekunde, inatoka kwenye kadi ikiwa na uzito wa kama megabaiti 5 kwa sekunde moja. Hesabu mwenyewe: saa moja ya arusi ni gigabaiti 18. Kwa hiyo nilitumia Huffyuv, inayobana bila kutupa kitu, ikanipunguzia kama nusu. Hata hivyo Windows 98 haikukubali faili lizidi gigabaiti 4, basi nikawa nanasa dakika 25, nasimamisha, narudisha kanda nyuma kidogo, naanza tena. Programu niliyonasia ni VirtualDub ya Avery Lee, ya bure, ndogo kiasi kwamba niliitoa kwenye intaneti kafe kwa disketi moja.

Sauti nayo ilikuwa na tabia yake. Kadi ya sauti ina saa yake na kadi ya picha ina yake, na saa hizo mbili hazikubaliani kamwe. Mwisho wa dakika 25, shehe amefunga mdomo lakini dua inaendelea. Hiyo niliizoea; unapima tofauti, unavuta sauti kidogo, yanakwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kubana. VCD inaruhusu kilobiti 1,150 za picha kwa sekunde, yaani chini ya kilobaiti 150. Kutoka megabaiti 5 hadi hapo ni kubakiza sehemu moja kati ya 35 hivi. MPEG-1, njia ya kubana inayotumiwa na VCD, inafanya hivyo kwa kuikata picha katika vigae vya doti 16 kwa 16, kisha inauliza kila kigae: umesogea? umebadilika? Ukuta uliosimama haulipi kitu. Watu wanaocheza wanakula kila kitu. Na kanda kuukuu, zile chenga zake zinazocheza kwenye giza, mashine inadhani nazo ni watu wanaocheza. Inahangaika kuzikumbuka moja moja huku uso wa bibi arusi unakuwa vigae vigae.

Ndiyo maana mafundi tulikuwa na ujanja mmoja. Kanda ya VHS chini kabisa ina mistari iliyopinda, imechanikachanika, na pembeni kuna ukungu wa rangi. Kwenye TV ya chogo huoni hayo, kwa sababu TV zile zilitengenezwa makusudi zimeze kingo za picha nyuma ya fremu yake. Kompyuta haimezi, inaonyesha picha yote. Basi unapaka kingo nyeusi, upana wa doti 16 kamili ili rangi nyeusi ijaze kigae kizima, na kigae cheusi hakigharimu kitu. Mteja hajui na TV yake haionyeshi. Biti zilizookolewa zinakwenda usoni mwa bibi arusi. Nilikuwa nautaja ujanja huo kwa maringo sana.

CD ya kwanza, dakika 75, ilimalizika hivyo asubuhi ya tatu, imepakwa vizuri kingo zote. TMPGEnc, programu ya kubana ya Mjapani mmoja aitwaye Hori, ilikuwa ikitumia karibu dakika nane kubana dakika moja, kwa hiyo nilikuwa naiacha ikeshe. Ilibaki nifute yale mafaili makubwa ili nipate nafasi ya nusu ya pili ya kanda. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, nasema kweli, nikaitwa mbele kutoa fotokopi. Nikasahau kutwa nzima.

Jioni baada ya futari Mama Mkubwa akapita na sambusa nne kwenye kibakuli. Nikataka kujionyesha. Badala ya kumwekea CD, nikamfungulia faili lenyewe lililonaswa, lile safi, kwenye kioo cha kompyuta. Akavuta stuli. Akawataja waliokufa, mmoja mmoja. Akacheka pilau ya mwaka 1993 kuonekana ina rangi. Dakika ya 61 bibi arusi anatolewa nje, vigelegele, na baba mdogo anamwekea mkono kichwani na kumwombea dua.

"Hapo," akasema, sauti imebadilika. "Hapo ndipo mzee wangu alipotuaibisha."

Kisa nilikijua nusu. Walukuba nzima ilikijua nusu. Baba wa bibi arusi hakuonekana binti yake alipotolewa. Yeye aliapa alikuwepo. Mama Mkubwa akampelekea kanda kama shahidi: haya, nionyeshe upo wapi. Wakaiangalia wote wawili kwenye TV yao, mara ngapi sijui, na mzee hayumo. Kwa miaka mitatu, mpaka alipokufa, kila kukitokea ugomvi, hata wa chumvi, kanda ilikuwa inatolewa kabatini.

"Rudisha," akasema.

Nikadhani anataka kuumia tena. Nikarudisha.

"Pale kwenye mparachichi. Pembeni. Huyo nani?"

Nilikuwa sijaona mtu. Mpaka siku hiyo nilikuwa naiangalia picha kama fundi, yaani natafuta kasoro. Upande wa kushoto kabisa kulikuwa na shina la mti, na nyuma ya shina kitu chembamba, cheupe juu, kijivu chini. Nilipima baadaye: upana wake doti 13. Deki ukiisimamisha inatoa picha ya kutetemeka, lakini faili unalisogeza fremu moja moja kwa mshale wa kibodi. Nikaanza kusogeza. Kile cheupe kikashuka, kikaenda mbele ya kitu cha rangi ya kahawia, kikakaa pale. Fremu baada ya fremu kimekaa pale. Halafu kikapanda tena juu.

Sekunde kumi na moja kwa jumla, fremu 275. Kamera ikageuka kufuata gari, na mti ukatoka.

"Amevua kofia," nikasema.

Mama Mkubwa hakujibu. Alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, na ukiwa karibu hivyo huoni kitu ila nukta za rangi. Kisha akarudi nyuma, akafuta kioo kwa ncha ya khanga.

"Alikuwa na leso mfukoni," akasema. "Nilimpigia pasi mwenyewe. Anafuta uso kwa kofia!"

Alicheka. Alicheka sana, akaniambia nirudishe tena, na safari ile sikumwangalia usoni, nikajifanya nahangaika na kibodi.

Kisha likaja swali nililokuwa naliogopa: "Na kwenye CD yupo?"

Ningeweza kumjibu ndiyo, nikarekebisha usiku. Lakini CD ilikuwa pale mezani, na yule mama nimeshasema alishawahi kunichapa. Nikamwambia nimempaka nyeusi, yeye na mti wake, kwa sababu pembeni kwa kawaida hakuna kitu. Akaniangalia kama anavyotazama mtu aliyemkuta mwizi jikoni, naye mwizi akawa ndugu.

Kutopaka tu kusingesaidia, maana TV ingemmeza kama ilivyommeza miaka yote. Nikaamua kuipunguza picha nzima: doti 320 kwa 256, niiweke katikati, na nyeusi iizunguke kwa nje. Vipimo hivyo vinagawanyika kwa 16 barabara, kwa hiyo weusi haugharimu kitu, na mzee anasogea ndani ya fremu ya TV. Saa tatu usiku nikaanzisha kazi, nikatandika boksi chini ya meza, nikalala dukani.

Saa tisa usiku umeme ukakatika. Kutoka duka lile hadi bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, ni mwendo mfupi wa boda boda. Ukikaa kimya usiku unaweza kujidanganya unalisikia. Yupiesi yetu, ile betri ya akiba ya kompyuta, ilipiga kelele dakika kumi, ikanyamaza, na saa sita za kubana zikaenda nayo. Nilikaa gizani nikila sambusa ya mwisho ambayo nilikuwa nimeiwekea daku.

Tangu usiku ule nabana kwa vipande, kisha naunganisha. Kipande chenye mparachichi nilikirudia mara tatu zaidi, umeme upo. VCD haikuruhusu kuongeza biti kwenye tukio moja. Kipimo ni kile kile mwanzo hadi mwisho. Na kwenye tukio lile kulikuwa na wanawake thelathini wanarusha mchele na khanga zinapepea, kila kigae kinadai haki yake. Mzee aliyesimama kimya pembeni alipewa kilichobaki. Nilipunguza chenga, nikaongeza muda wa kutafuta mwendo, nikafika mahali ambapo shina lilionekana shina na kofia ilionekana inashuka na kupanda. Uso haukuwepo. Uso haukuwepo hata kwenye kanda.

Tulijaribu CD kwa jirani yake mwenye mashine, baada ya tarawehe, siku mbili kabla ya basi la Nairobi. Chumba kilijaa. Mtu akauliza mbona picha imekuwa ndogo, ina fremu kama ya rambirambi, nami nikakaa kimya. Dakika ya 61 Mama Mkubwa akasimama mbele ya TV na ufagio wa chelewa, akagusa kioo upande wa kushoto kwa mpini.

"Mnamwona?"

Watu wakainama mbele. Baba mdogo, yule yule wa kwenye kanda, sasa mvi tupu, akasema anaona, lakini kwa heshima tu, nilimjua. Mjukuu wa miaka saba alikuwa amekaa chini, karibu kuliko wote.

"Bibi, mimi naona mti."

"Subiri," akasema. Kofia ikashuka. Ikakaa. Ikapanda. "Umeona? Mti hauvui kofia."