Siku kuku alipokula haidrojeni

Mwaka 2008 nilikuwa Kidato cha Pili kwenye shule moja ya kata wilayani Muheza. Maabara yetu ilikuwa chumba kilichoishia kwenye lenta, na Kemia alitufundisha kijana wa tempo aliyemaliza Kidato cha Sita akawa anasubiri chuo. Tulimwita Mwalimu kama wengine, ingawa wavulana wa nyuma walimzidi kimo.

Kusawazisha milinganyo, yaani kuhakikisha atomi za kila aina zinalingana idadi kushoto na kulia kwa mshale, kulikuwa kumelishinda darasa zima. Tulipachika namba popote palipokuwa na nafasi, tukiomba hesabu ikubali. Basi siku hiyo akaja na mfuko wa rambo, akaunganisha madawati mawili mbele na kuchora mshale wa chaki katikati. Vizibo vyekundu vya soda vikawa oksijeni, vya bia kaboni, na punje za mahindi haidrojeni. Akatoa kiberiti cha gesi, akakiwasha.

“Humu mna butani. Ikishaungua inakwenda wapi?”

Ubaoni akaandika C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Msichana mmoja akahesabu oksijeni, kushoto 2, kulia 3, akaenda moja kwa moja kugeuza O₂ kuwa O₃.

“Umetutilia ozoni,” Mwalimu akasema. “Hiyo ukiivuta inakudhuru. Namba ndogo ya chini ndiyo inayosema kitu ni kitu gani, usiiguse. Wewe ongeza idadi tu, mbele.”

Tukaanza na kaboni: 4 kushoto, kwa hiyo 4CO₂. Haidrojeni 10, kwa hiyo 5H₂O. Oksijeni akaiacha mwisho, na sababu aliitoa, jambo ambalo walimu wengi niliokutana nao baadaye hawakujisumbua nalo: kushoto imesimama peke yake, ukiibadilisha idadi humvurugi mwingine. Kulia zilikuwa 8 na 5, jumla 13. Lakini vizibo vyekundu vilikuwa vinakwenda viwili viwili, na 13 ingetaka jozi sita na nusu. Kizibo hakikatiki. Tukazidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hapo akatuambia tubomoe upande wa kushoto, tujenge wa kulia kwa vitu vilevile, bila kuchukua kipya mfukoni. Kaboni dayoksaidi nane zikatimia. Vizibo vyekundu kumi vilivyobaki tukavipanga kwa ajili ya maji, tukaanza kugawa punje mbilimbili. Maji ya tisa yakapata punje moja. Ya kumi hayakupata kitu.

Tukaanza kushukiana. Mmoja akaambiwa akung’ute mifuko. Kumbe kuku wa nyumba za walimu, waliozoea kuingia darasani kama wanafunzi, mmoja wao alikuwa chini ya dawati anaparua sakafu, na ndipo tukakumbuka kwamba wakati wa kubomoa punje kadhaa zilidondoka.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Kisha akatusimulia habari za Mfaransa Lavoisier, ambaye mwaka 1774 alichoma bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa, akakipima kabla na baada, na uzito ukawa uleule. “Unadhani alikiziba kwa nini? Angeacha wazi, hewa ingeingia na kutoka, naye angekuwa anabishana na kuku kama nyinyi.”

Zikaletwa punje tatu nyingine, maji yakatimia kumi. Kabla kengele haijalia akatupa petroli ya pikipiki, tuichukulie kuwa ni oktani tupu, C₈H₁₈. Vizibo vyekundu havikutosha, kwa hiyo tukahamia kwenye madaftari: kaboni 8, maji 9, oksijeni ikatoka 25, witiri tena. Safari hii hakuna aliyengoja kuambiwa azidishe kwa 2.