Hiki kifungo hakina tundu

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Umoja, Nairobi, na kama mafundi wengi niko na mkebe wa vifungo, ule wa bati wa biskuti. Kwa miaka miwili mkebe huo ndio ulikuwa unanifichia dawa za maumivu. Nilikuwa natoa zile kapsuli kwa karatasi yake nazichanganya na vifungo, za kijani na njano, na mtu akiingia kibandani haoni kitu, anaona tu fundi anatafuta kifungo.

Agosti 2024, shule zimefungwa, kijana wangu alikuwa amekaa chini ya meza anapanga vifungo kwa rangi vile amezoea akinisubiri nimalize kazi, alikuwa na miaka sita, akainua kitu kwa vidole viwili akaniuliza, "Mami, hiki kifungo hakina tundu, kinashonwaje?" Nilijua ni nini kabla amalize kuuliza. Nikamnyang'anya kwa nguvu mpaka akalia. Na wacha niseme yote sababu nikificha hapa sioni faida ya kuandika: baada ya kumnyang'anya sikumbembeleza kwanza. Nilihesabu zimebaki ngapi, alafu ile alikuwa ameishika nikaimeza, bado iko na jasho ya mkono wake.

Usiku huo sikulala.

Ilianza hivi. 2022 boda ilinigonga Jogoo Road nikivuka na furushi la vitambaa, mfupa wa muundi ukavunjika, nikafanyiwa operesheni wakaweka chuma ndani. Nilitoka hospitali na mfuko wa dawa na mojawapo ilikuwa tramadol, kapsuli za miligramu 50, moja asubuhi moja jioni. Hiyo hospitali sitaitaja na sina kinyongo nayo, mguu wangu waliuokoa, lakini hakuna mtu hata mmoja aliniambia hii dawa ni ya ukoo wa morfini, kwamba mwili unaizoea, kwamba hata kuiacha kuna utaratibu wake. Niliambiwa tu ukisikia uchungu meza.

Na uchungu nilikuwa nausikia, lakini haukuwa wa mguu peke yake.

Mamangu alifariki Juni 2020, wakati wa corona, mkikumbuka siku zile mazishi yalikuwa watu 15 basi, na mtu alikuwa anazikwa haraka haraka. Mamangu aliimba kwaya ya kanisa miaka mingi kuliko umri wangu na alizikwa bila kwaya. Tulisimama mbali mbali na barakoa, tukarusha mchanga, tukarudi Nairobi. Tangu siku hiyo kuna kitu kilizima. Nilikuwa naamka nimechoka, naenda kazini, nashona, lakini nikifungua kitambaa cha kitenge naona rangi kama imefifia, mteja ananiambia angalia venye inang'aa na mimi sioni kung'aa kokote. Nilidhani ni msiba tu utaisha. Miaka miwili haikuisha. Hospitalini wanaiita depresheni, ndugu zetu Watanzania wanaiita sonona, na kwetu nyumbani haikuwa na jina, ulikuwa unaambiwa omba sana na uache kuwaza.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo unampa ile kapsuli. Kama saa moja baada ya kumeza mguu ulinyamaza, na kile kitu kingine pia kikanyamaza. Nakumbuka nilikaa kwa kiti nikaangalia dirisha nikasikia joto kifuani, na nikapiga simu kwa dadangu nikaongea naye dakika arobaini nacheka. Aliniambia, "Umerudi." Mfupa ulipopona sikuacha. Watu wanafikiri mraibu ni mtu anatafuta raha. Mimi nilikuwa natafuta tu kuwa sawa, ile sawa ya kawaida ya mtu kuamka akapika chai.

Tramadol kisheria inauzwa kwa karatasi ya daktari. Lakini wewe unaishi Nairobi unajua. Niliweka ratiba, kemisti moja Umoja, ingine Kayole, ingine Donholm, ingine tao, ili hakuna anayenizoea sura, na nikikataliwa hapa naenda pale. Mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mwishowe 12 kwa siku, na 12 hazikuwa zinanifurahisha tena, zilikuwa zinanizuia tu nisiugue. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilijaa ikakaa imejaa. Kodi nilichelewesha miezi mitatu. Kuna mama aliniletea kitenge cha sherehe ya mahari ya binti yake, yadi sita, nikakiuza nikamwambia kimeibiwa kibandani. Nimemlipa mwaka jana, pole pole, na bado nikikutana naye njiani uso unanichoma.

Nikijaribu kuacha peke yangu, siku ya pili tu naanza miayo isiyoisha, makamasi, jasho baridi, vinyweleo vimesimama mwili mzima, tumbo linaendesha, miguu haitulii kitandani, na kichwani kama stima inanipiga, zzt, nikigeuza macho tu, zzt. Alafu ile huzuni inarudi mara tatu ya venye iliondoka. Sikujua ina jina mpaka baadaye nikiwa kwa kikundi, kaka mmoja wa Mombasa aliyewahi kutumia heroini akaniambia, "Dada, hiyo ni arosto." Mimi nilikuwa nadhani arosto ni ya mateja, wale wa kulala kwa veranda. Kumbe mimi fundi mwenye kibanda na stakabadhi ya kaunti nilikuwa napata arosto ileile, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa inatoka kwa kemisti kwa karatasi safi.

Usiku wa kile kifungo nilipiga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, wale wa serikali wanaopambana na pombe na dawa za kulevya, ni ya bure na wanashika usiku pia. Nilikuwa nimekaa choo nikiongea kwa sauti ya chini kijana asiskie. Mtu wa upande ule hakunihubiria. Aliniuliza dawa gani, ngapi kwa siku, kwa muda gani, kama nafikiria kujiua. Hilo swali la mwisho nilikuwa nalikimbia kwa kila mtu, kwanza aibu, pili nilikuwa nimeskia kwamba ukisema umejaribu unaweza shikwa, na ni kweli, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema kinakiuka Katiba. Nilimjibu ndiyo, nafikiria. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisema kwa mdomo. Hakushtuka. Aliniambia usiache dawa ghafla, usiku huu usikae peke yako, na kesho nenda uonwe. Nikamwamsha dadangu kwa simu saa tisa usiku, akaja na boda.

Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa mtu wa Nairobi hilo jina ni tusi, tangu tukiwa watoto ukifanya ujinga unaambiwa utapelekwa Mathare. Hospitali ile iko tangu 1910 na aibu yake ni ya umri huo huo. Tulipanda matatu ya Thika Road na nikamwambia konda atushushe steji ya mbele, tukarudi kwa mguu, na mguu wenyewe ni huu wa chuma, ati mtu anayenijua asinione nikishukia pale. Ndani nikapata watu wa kawaida kabisa wamekaa kwa benchi. Mwanafunzi na mama yake. Mzee na koti nzuri. Niliwaangalia nikafikiri labda hata wao wameshukia steji ya mbele.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Kitu alinieleza siku hiyo kilinifungua macho na ndio sababu kubwa ya kuandika hii. Aliniambia tramadol inafanya kazi mbili. Moja ni ya ukoo wa morfini, inaziba maumivu. Ya pili, inazuia ubongo kufyonza haraka kemikali kama serotonini, na hiyo ni kazi inafanana na ya dawa za depresheni. "Kwa hivyo mama, hukuwa unaota, kweli ilikuwa inakushikilia, lakini kwa njia ambayo ingekumaliza." Na ukiacha ghafla unapata arosto mbili kwa pamoja, ya morfini na ile ya stima kichwani. Nililia pale, sababu kwa muda wote huo nilikuwa najiita mchafu, na sasa mtu ananiambia ugonjwa wangu ulikuwa na maelezo.

Akauliza tena kama nimewahi kuanguka. Nikasema hapana. Alafu nikakumbuka asubuhi moja nilijipata sakafuni kando ya cherehani, ulimi umeumwa, sketi imelowa, nikasema ni uchovu. Akaweka kalamu chini. Mwisho wa tramadol kwa siku ni miligramu 400, mimi nilikuwa 600, na ukipitisha, kifafa kinaweza kukushika hata kama hujawahi kuwa nacho. Fikiria kingenishika nikivuka barabara na mtoto.

Nilikuwa natarajia nipewe methadone, ile dawa wanapewa watu badala ya heroini, sababu niliskia wanatoa pale tangu mwisho wa 2014, lakini ile kliniki ni ya watu wa heroini hasa. Mimi nilipunguziwa. Walinishusha hadi nane, alafu kapsuli moja kila wiki tatu, kwa hesabu ya daftari. Hapo niliwaelewa vizuri sana sababu ni kazi yangu. Mteja akikonda hukati nguo mara moja, unachukua kidogo ubavuni, anajaribu, unaangalia inakaaje, unachukua tena. Dadangu alihamia kwangu, dawa anaweka yeye, asubuhi ananipimia na anaandika. Hakunipa dawa ya depresheni wakati ule, huyo daktari, aliniambia zikichanganyika na tramadol serotonini inaweza kupita kiasi na kifafa pia kinakaribia, kwa hivyo miezi hiyo nilikuwa naenda kwa kaunsela tu kila Jumatano, na huko ndiko hatimaye nilimlilia mamangu. Miaka minne imepita na nilikuwa sijamlilia.

Kapsuli ya mwisho nilimeza Machi 2025. Alafu nikaanzishiwa ile dawa ya depresheni, na hapo nilikaribia kukata tamaa, juu nimezoea kitu unameza na ndani ya saa moja unaskia. Hii nilimeza wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, sista wa kliniki ananiambia ngoja. Wiki ya tano nilikuwa napiga pasi kitambaa cha mteja, rangi ya chungwa, nikajipata nimesimama nakiangalia. Kilikuwa chungwa kweli kweli. Nikamwita jirani wa kibanda cha mboga aje aone na yeye akashangaa aone nini.

Nilianguka Juni, siku ya kumbukumbu ya mama, miaka mitano. Nilienda Kayole kwa miguu yangu nikanunua karatasi moja. Nilimeza mbili kabla nifike nyumbani, na nikijua kabisa nilionywa nisichanganye. Kilichokuwa tofauti na zamani ni kwamba sikuficha. Nilipiga simu kwa dadangu nikiwa bado njiani, tukaenda hospitali, zile nane nikampa sista mkononi. Nilitarajia anifukuze. Aliandika tarehe akasema, "Mama, umekuja siku ileile. Ile mara ya kwanza ulikuja baada ya miaka miwili."

Leo ni miezi saba tangu hapo. Mguu bado unauma, Julai na ile baridi ulinitesa, nikawa naukanda na maji moto na kufanya mazoezi ya mguu niliyoonyeshwa hospitali. Kuna siku napita mbele ya kemisti navuka barabara. Kuna usiku ile huzuni inakuja inakaa mlangoni, nami niko na namba tatu za kupiga na nazipiga. Kama uko pale nilikuwa, nakuomba usiache ghafla na usiache peke yako, piga 1192, ama 1199 ya Red Cross, ongea na mtu leo. Unastahili kuona chungwa ikiwa chungwa.

Januari ni msimu wa sare za shule, kibanda kimejaa. Jana jioni kijana alikuwa chini ya meza na mkebe, siku hizi anapanga kwa tundu, za mbili huku, za nne kule. Nikaskia, "Mami, hiki hakina tundu." Moyo uliruka. Nikaacha cherehani nikainama nikaangalia mkononi mwake. Kilikuwa kifungo cha koti, kile cha kushonwa kwa nyuma. Nikakigeuza nikamwonyesha uzi unapita wapi.