Usiku Tulipomwimba Don Williams

Habari za kifo cha Don Williams, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa country, zilitufikia Kenya Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2017, siku moja baada ya kufariki kwake huko Mobile, Alabama, akiwa na umri wa miaka 78. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa kubatilisha uchaguzi wa rais, na katika baa moja ya Nakuru, nilikokuwa nikipiga gitaa kila mwisho wa juma, wateja walibishana kwa sauti iliyoushinda muziki. Jioni ile tulipokuwa bado tunaandaa vyombo, mzee mmoja aliyevaa kofia pana alisogea jukwaani akatuambia, “Vijana wangu, leo msipige nyimbo za mwingine ila Don Williams.”

Katika Bonde la Ufa na Kenya ya kati, muziki wa country umekuwa wa nyumbani tangu enzi za redio kubwa za mbao. Jim Reeves na Kenny Rogers walipendwa sana, lakini Don Williams aliaminiwa. Sauti yake nzito haikupanda kumtafuta msikilizaji. Ilitulia palepale chini, kama mzee asimuliaye jambo akijua hakuna atakayemkatiza.

Utulivu huo ndio uliotutoa jasho. Mwimbaji wetu alikuwa amezoea kushindana na kelele za ukumbi, na mpiga ngoma hakuwa na brashi za kupigia kwa mlio laini, bali fimbo tu, kwa hiyo alikunja kitambaa cha mkono akakitandika juu ya ngoma ndogo ili mlio ufifie. Mimi niliyekuwa nimezoea kujaza kila pengo kwa vidole nililazimika kuyaacha mapengo yabaki wazi. Tulianza na “Tulsa Time”, ambao Danny Flowers, mpiga gitaa wa Don Williams, aliutunga theluji ilipowafungia hotelini mjini Tulsa, Marekani, kisha tukapiga “I Believe in You”. Watu wengi hudhani nyimbo hizo Don Williams alizitunga mwenyewe. Kipaji chake cha kuchagua wimbo wa mtu mwingine na kuuimba hadi ukawa wake kilikuwa kikubwa mno, na naamini ndicho kilichofunika utunzi wake.

Kwa maana Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa country, alifika kama mtunzi. Alizaliwa Floydada, Texas, mwaka 1939, akaimba na kundi la Pozo-Seco Singers katika miaka ya 1960, na kundi lilipovunjika akaajiriwa kuandika nyimbo katika kampuni ya mtayarishaji wa muziki Jack Clement. “The Shelter of Your Eyes”, uliomfungulia njia ya kuimba peke yake, ni kazi ya mkono wake. Baadaye nyimbo zake 17 zilishika nafasi ya kwanza katika chati ya country ya Marekani.

Tulipopumzika, mwenye baa alizima mjadala wa siasa kwenye runinga akaweka video ya onyesho la Harare la mwaka 1997. Wateja walimtazama Don Williams akiwaimbia watu wa Zimbabwe bila mbwembwe zozote, na kwa mara ya kwanza katika wiki ile nikawaona watu wa vyama pinzani wakikaa meza moja.

Tuliporudi jukwaani, yule mzee aliomba “Love Me Over Again”, wimbo aliouandika Don Williams mwenyewe. Tuliupiga polepole kuliko tulivyowahi kupiga wimbo wowote, na mwimbaji wetu hakuipandisha sauti hata mara moja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama tunaujua “Till the Rivers All Run Dry”, aliouandika pamoja na Wayland Holyfield. Nilimwahidi tungefanya mazoezi. Jumamosi iliyofuata tulifungua kwa wimbo huo, na mpiga ngoma alikuja na brashi mpya alizoagiza kutoka Nairobi.