Daftari Nimelihamishia Sebuleni

Leo ni siku ya arobaini na kitu tangu nianze taamuli, yaani kukaa kimya na kutuliza fikra; siku nimeacha kuzihesabu. Kila alfajiri nakaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, mgongo wima, simu nimeitega dakika 12. Nahesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha naanza upya. Ukiisikia tu, ni kazi nyepesi. Leo nilijikuta kwenye 17. Kumi ilipita lini sijui. Nilikuwa namjibu mtu aliyenikera wiki iliyopita, na jibu lenyewe, niseme kweli, lilikuwa tamu.

Zamani ningejilaumu. Siku hizi narudi tu kwenye moja.

Nilianza kwa tamaa. Hadithi ninayoandika ilikuwa imekwama, nikasikia taamuli hufungua ubunifu. Basi nikawa nakaa na daftari pajani, kalamu mkononi, kama paka mbele ya tundu la panya. Wazo likichungulia tu, nafumbua macho, naandika. Baada ya wiki tatu nilikuwa na kurasa tele, na nilipozisoma jioni moja, upuuzi mtupu. Mahali fulani nimeandika: "mlango unaosahau." Unasahau nini? Sijui.

Halafu nikakutana na utafiti wa mwaka 2012 wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Walilinganisha taamuli ya kushikilia kitu kimoja na ile ya kuacha fikra zije na kupita bila kuzikamata. Iliyowasaidia watu kutaja matumizi mengi ya kitu cha kawaida ni hiyo ya pili. Mimi sikuwa nafanya hata moja. Pumzi sikuishika, wala wazo sikuliacha lipite. Nilikuwa navizia.

Ndipo daftari nikalihamishia sebuleni. Iliuma. Jumanne ilinijia sentensi nzuri, imekamilika na nukta yake, nikaiacha. Kengele ilipolia haikuwepo. Mpaka leo haijarudi, na bado naililia.

Faida, kama ndiyo faida, imejitokeza mezani. Kuna sekunde moja kabla sijashika simu: sentensi imegoma, kifua kinabana kidogo, mkono unaanza kwenda. Miaka yote sikuwahi kuiona sekunde hiyo. Nilikuwa nashtukia tayari nasoma habari za watu. Jana niliiona mara nne. Mara mbili simu ikanishinda. Mbili nilizobaki nikaitazama sentensi yangu mbovu, nikaikata mkia, nikairefusha, wapi. Mwisho nikagundua ubovu haukuwa pale, ulikuwa aya moja juu: mama wa mhusika alikuwa anaijua siri mapema mno. Nikamnyamazisha. Hadithi imesogea kurasa mbili.

Rafiki yangu ananishauri nifike dakika 30. Hapana. Hizi 12 zenyewe mgongo umeanza kuzilalamikia.