Daftari Lililojaa Vema

Daftari la binti yangu limejaa alama za vema. Ukurasa baada ya ukurasa, wino mwekundu, tarehe, sahihi ya mwalimu. Jioni hii nimekaa nalo nikafungua zoezi moja la ufahamu. Swali: kwa nini mzee alikasirika? Jibu, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa: mzee alikasirika kwa sababu mbuzi waliingia shambani. Sentensi nzima kaitoa kwenye hadithi, neno kwa neno. Nikamwuliza, "Na wewe ungekuwa huyo mzee, ungefanyaje?" Akakirudia kitabu, akaanza kutafuta kwa kidole. Nilipokifunika, akanijibu kwa masikitiko: "Lakini mama, halijaandikwa."

Yuko darasa la tatu. Anasoma kwa sauti bila kukwama, anaandika vizuri kuliko mimi. Kinachoniumiza ni kwamba ameshajua kuwa jibu ni kitu cha kunakili. Hajazaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka minne alikuwa hanipi pumzi kwa maswali.

Kikao cha wazazi cha majuzi kilikwenda vizuri, kwa namna vikao vinavyokwenda. Mwalimu mkuu alisoma wastani wa shule, umepanda, tukapiga makofi, na walimu walistahili makofi hayo. Kisha tukazungumzia sare, uzio na michango mpaka muda ukaisha. Hakuna aliyeuliza kuhusu watoto wa mkiani. Wastani unaweza kupanda kwa sababu wanaofaulu wamefaulu zaidi, huku waliokuwa nyuma wako palepale, wanapanda darasa kila mwaka na hawajui kusoma. Na si jambo la shule yetu peke yake. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi na kuielewa. Wengi wao si watoto walioachwa nyumbani. Wameandikishwa, wana sare, wana madaftari.

Niliomba ruhusa nikakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja cha hisabati. Mwalimu anajua somo lake na anawapenda watoto, hilo lilionekana wazi. Anauliza, mikono inaruka, anachagua, jibu linapatikana, "Mpigieni makofi!", tunasonga. Mikono ni ileile, ya madawati ya mbele. Mbele yangu alikaa mvulana mmoja aliyekuwa akihesabu kwa vidole chini ya dawati, midomo ikicheza. Alikuwa anakaribia. Kila mara jibu la mwenzake lilimkuta katikati ya hesabu, mpaka akaacha kuhesabu, akaanza kuchonga penseli. Darasa lilipoulizwa, "Tumeelewana?" naye aliitikia "Ndiyo, mwalimu!" kwa nguvu zote.

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima walimu husubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde 1. Walipozoea kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, na hata waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kujibu. Sekunde 3! Yule mvulana hakuhitaji zaidi ya hapo.

Nilimweleza mwalimu baada ya kipindi, kwa adabu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mama, nina watoto zaidi ya 70. Nikimsubiri kila mmoja, mada haiishi, na mtihani hauningojei." Sina la kumpinga. Madaftari 70, hata ukilipatia kila moja dakika 1 tu, ni zaidi ya saa nzima kwa somo moja, na anafundisha masomo kadhaa. Ndiyo maana vema zinatoka kwa kutupia jicho. Kumlaumu mtu huyu ni kumwonea.

Ila sikubali kwamba hakuna linalowezekana. Nchini India, shirika la Pratham limekuwa likiwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma badala ya umri au darasa, kwa sehemu tu ya siku: wa herufi na wa herufi, wa maneno na wa maneno, wa hadithi na wa hadithi. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019, ni miongoni mwa waliopima kazi hiyo, na watoto walisoma vizuri zaidi. Jambo hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji ratiba kubadilishwa kidogo, na watu wazima wachache wa kusaidia. Wazazi wenye nafasi ya asubuhi moja kwa wiki tupo.

Kwa hiyo naandika barua kwa mwalimu mkuu usiku huu, nikiomba mambo mawili yaingie kwenye ajenda ya kikao kijacho. Kwanza, kabla ya wastani kusomwa, tuambiwe ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma aya moja na kuisimulia kwa maneno yao wenyewe. Pili, mimi na wazazi wawili niliokwisha kuongea nao turuhusiwe kusaidia vikundi vya kusoma, chini ya mwalimu wa darasa. Kundi la herufi nimeliomba mimi.